Upinde Mrefu Kuliko Mlango

Pale Mikumi, kando ya barabara iendayo Iringa, kila mkuki ulikuwa wa Kimaasai. Ungeweza kuwa umefuliwa juzi na mhunzi wa Malolo kwa chuma cha springi ya lori, mpini wake ukawa bado mbichi unanukia mti, lakini gari la watalii likisimama na mzungu akateremka na kamera yake tumboni, swali lake lilikuwa moja: "Maasai?" Nasi tuliopanga vitu vyetu juu ya magunia tuliitikia kwa pamoja kama darasa la elimu ya watu wazima: "Maasai!" Wamaasai wenyewe walipita na ng'ombe wao, wakatazama ile mikuki, wakatutazama sisi, wakaendelea na safari. Nadhani waliona haya kwa niaba yetu.

Lakini mimi nilijua kila kitu kilikotoka. Sikujifunza darasani. Nilizaliwa Kimamba, kwenye kambi ya mkonge, nyumba za mstari zisizo na tofauti hata moja. Baba alikuja kuwa manamba akitokea kusini, mama alikuwa wa pale pale bondeni. Mlango wa kushoto walikaa Wabena, wa kulia Wamakonde, nyuma yetu Wanyamwezi, na karibu na bomba la maji palikuwa na Warundi waliocheka kwa sauti ya chini. Kila mmoja alikuja na kitu kimoja au viwili vya kwao: kigoda, kisu na ala yake, kibuyu, kinu. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kila kitu, kutwa nzima vilikuwa vinaazimwa. Sisi watoto ndio tuliotumwa kuviazima na ndio tuliotumwa kuvirudisha. Ukirudisha mchi wa Wabena kwa Wamakonde unachapwa na pande zote mbili, halafu mama yako anamalizia. Basi tulijifunza haraka. Kibuyu hiki kimeshonwa ufa wake kwa ukili, kile kwa ngozi. Kigoda hiki miguu yake imechongwa kwenye gogo lile lile, kile imechomekwa. Mkono ulijua kabla ya macho.

Nilipoolewa Kilosa mjini, karibu na stesheni, nikaona elimu ile isilale bure. Nilipanda milimani na mabakuli ya bati yenye maua, nikashuka na vitu vya zamani ambavyo watu walikuwa wamevichoka. Mali kwa mali. Niliyahesabu mabakuli nikiondoka, nikayahesabu tena nikifika, maana bakuli lina tabia ya kupungua njiani. Kisha nilipanda treni ya kwenda Kidatu, nikashukia Mikumi na magunia yangu, nikaenda kuitikia "Maasai" na wenzangu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na biashara ya mtu binafsi haikuwa kitu cha kutangaza kwa kipaza sauti. Nikiulizwa, nilisema napeleka vyombo vya shughuli. Hawakuuliza shughuli ya nani.

Ukuta wa jiko langu ulikuwa ndio ukuta wa jiko la jirani yangu, mwanamke wa milimani, Mwanglikana wa kusali kweli, aliyechoma vitumbua na kuviuza stesheni treni zikiingia. Nilimwita dada, yeye akaniita mdogo wangu. Kaka yake alifariki miezi michache baada ya Operesheni Vijiji kuwashusha watu wa kwao kutoka milimani na kuwapanga tambarare. Alikuwa mtu mzima, kifua kilimsumbua siku nyingi, na kifo chake hakikumshangaza mtu. Kilichomtoa dada yangu usingizi kilikuwa kingine.

Kwao ukoo unapita kwa mama. Mwanamume akifa, jina lake haliendi kwa mwanawe, linakwenda kwa mtoto wa dada yake, na linakwenda pamoja na upinde. Siku ya kumaliza msiba mpwa anakalishwa mkekani, anashikishwa upinde wa marehemu mbele ya wazee, anaitwa kwa jina lile, na tangu hapo hata watoto wa marehemu wanamwita baba. Jina lenyewe silitaji, si langu. Lakini lilikuwa limepita mikononi mwa wajomba tangu kabla ya Wajerumani kujenga reli, na sasa ilikuwa zamu ya mtoto wa kiume wa pekee wa dada yangu, kijana mkimya aliyetia grisi magurudumu ya mabehewa. Bila upinde hakuna kukalishwa. Bila kukalishwa, jina linabaki kaburini na mwenyewe.

Na upinde haukuwepo.

Haukuibiwa. Laiti ungeibiwa, wangekwenda polisi. Ulichukuliwa na mtani. Siku ya kuhama lori lilifika, kila kaya ikapewa nafasi ndogo, watu wakawa wanatupa nje ya nyumba vitu walivyovitunza miaka mingi. Mtani wa ukoo ule, mzee mwembamba wa ukoo wa bonde la pili, alikuja kusaidia kupakia, maana mtani hakosi penye shida. Akaingia ndani, akauteremsha upinde kutoka juu ya jiko, akatoka nao akipiga kelele: "Huu nimeuteka! Mkiutaka njooni na kuku!" Watu wakacheka. Mtani akichukua kitu chako humkimbizi wala humshitaki. Unamtukana kidogo, unatafuta kuku, unakikomboa kwa wakati wako. Na siku hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kuchekesha, kwa hiyo hakuna aliyetaka kukatisha. Malori yakawashwa. Ukoo ukaenda huku, mtani na upinde wake wakaenda kule.

Baadaye ikatangazwa vijijini kwamba vitu vya asili vikusanywe kwa ajili ya maonyesho ya Saba Saba mkoani. Mtani akaona asije akakutwa na silaha ya mtu, akaupeleka. Ukachanganywa na pinde za watu wengine kwenye ghala la kijiji, Rudewa.

"Si muende na mtani awaonyeshe?" nilimwambia dada yangu.

"Mtani?" alisema. "Hebu njoo umsikie mwenyewe."

Tulimkuta gengeni, anakunywa chai ya watu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Umekuja kuniposa? Umechelewa, nimeshapungua."

Dada yangu hakucheka. "Mtani, upinde wa kaka yangu ulikuwaje?"

"Mfupi. Kama akili za kaka yako."

"Sema kweli, mtani."

"Basi mrefu. Kama hotuba za mwenyekiti wetu."

"Ulikuwa na alama gani?"

"Ulikuwa unalia wenyewe, unaomba upelekwe kwa ukoo wenye watu wanaooga."

"Mtu amekufa, mtani!"

"Ndiyo maana. Angekuwa hai angenijibu mwenyewe, na angenishinda." Akanywa chai, akageuza uso upande wa barabara. Kisha akasema polepole, "Mama wee, msiba haujaisha. Mtani akionekana anasema kweli msibani, watu watasema hakumpenda marehemu."

Hapo nikaelewa. Shahidi alikuwa mmoja tu, na mila ilikuwa imemfunga asisadikike. Hata akisema kweli, wazee wangeangua kicheko na kumpa kibao cha mgongo. Hakuna watu wengine duniani ninaowajua ambao wangemwachia mtu wa namna hiyo kitu chao.

Nikamuuliza dada yangu yeye mwenyewe anakumbuka nini. Katika ukoo wao mwanamke hashiki upinde, kwa hiyo aliujua kwa chini tu, vile alivyokuwa akiutazama akiwa mtoto amelala mkekani karibu na moto. Alikumbuka mambo mawili. Upinde ulilala juu ya miti ya dari, juu ya jiko, na ulikuwa mweusi. Na mjomba wake, aliyeutumia kabla ya kaka yake, alipotaka kuutoa nje alilazimika kuulaza kwanza, maana ulikuwa mrefu kuliko mlango. "Kila mara ulikuwa unamgonga mtu," alisema. "Tukawa tunacheka, tunafukuzwa."

"Inatosha," nilimwambia. Nimewahi kununua mbuzi kwa maelezo machache zaidi.

Tulikwenda Rudewa mimi na kijana, mrithi. Ghala lilikuwa la matofali ya kuchoma, lina mahindi upande mmoja na mambo ya kale upande mwingine, na panya ambao hawakujali mpaka. Afisa utamaduni alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye kalamu mbili mfukoni na mapenzi ya kweli kwa kazi yake. Alikuwa amepangusa kila kitu vumbi. Sikutegemea hilo.

"Karibu sana, mama. Humu ndani hakuna kabila, kuna taifa."

Nikatazama vikaratasi vilivyofungwa kwa nyuzi za katani kwenye kila kitu. Wasagara. Wakaguru. Wavidunda.

"Na hivi, ndugu?"

"Hivyo ni vya muda," alisema.

Nikazihesabu pinde zilizoegemezwa ukutani: tisa. Nikazipitia moja moja. Fupi. Fupi. Huu ulikuwa mweusi, lakini mweusi kote, umepakwa mafuta na masizi na mtu aliyetaka uonekane wa zamani, nilimheshimu kimyakimya. Huu mrefu kidogo lakini haujawahi kuona moshi. Kijana alikuwa ananitazama usoni, na kila nilipoweka upinde chini aliteremka mabega.

Nikahesabu mara ya pili, ndiyo tabia yangu. Zikawa kumi.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeligeuzia dirisha mgongo. Lilikuwa dirisha la mbao, la kusukumwa nje kutoka chini, na kilichokuwa kimelikinga lisijifunge ulikuwa ni mti mrefu mweusi usio na uzi, umepinda kidogo tu, kama mzee anayechungulia barabarani. Nikauchomoa. Dirisha likafungwa kwa kishindo na panya wote wakahamia kwenye mahindi.

Nilimsimamisha kijana pembeni yake. Ulimzidi kichwa. Nikausogeza mlangoni penye mwanga. Upande mmoja ulikuwa mweusi unang'aa kama sufuria ya msibani. Upande wa pili ulikuwa wa kahawia, rangi ya mti wenyewe. Huwezi kuupaka hivyo. Upinde wa namna hiyo umelala juu ya moto mahali pale pale, kwa ubavu ule ule, maisha ya watu kadhaa. Katikati, pa kushikia, weusi ulikuwa umefutwa na viganja.

"Ndio," nilimwambia kijana. Alifumba macho.

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ncha, na mkono huwa hautulii. Ncha zilikuwa zimezungushiwa kano ya mnyama, uzi juu ya uzi, kazi ya mtu asiyekuwa na haraka. Watu wa milima yetu hufunga kwa ngozi. Kazi ile niliijua. Kambini Kimamba palikuwa na mzee mmoja wa pande za Kondoa, mlinzi wa stoo, na upinde wake ulisimama mlangoni kwake tukakatazwa hata kuusogelea. Urefu ule ule, ncha zile zile. Nikainusa, kama ingewezekana mzee yule awe bado ananukia tumbaku mle ndani.

"Huo si wa hapa," alisema afisa.

"Najua. Wa Kondoa."

"Mimi nilidhani Singida." Akainama, akatazama zile kano. "Lakini Kondoa inakaa vizuri zaidi. Ndiyo maana sikuufungia karatasi. Maonyesho ni ya vitu vya wilaya hii, nikaona usikae bure."

Tukabishana kidogo kuhusu kano na ngozi, kwa raha kabisa, kama watu wawili wanaoshangilia timu moja. Sikuwahi kuongea hivyo na mtu pale Mikumi. Ndipo nikagundua kwamba muda wote huo nilikuwa nimeukumbatia upinde kwa mikono miwili, kosa ambalo mchuuzi wa siku mbili halifanyi. Naye alikuwa ameliona.

"Kumbe una thamani," alisema.

"Thamani gani, ndugu, kijiti cha dirisha."

"Basi tukirudishe dirishani."

"Nitakuletea mwanzi, utalishika dirisha vizuri zaidi."

"Mwanzi ninao. Sina kigoda cha Kikaguru, cha gogo moja."

Alikuwa amejuaje kwamba nyumbani nilikuwa nacho? Hakujua. Alirusha jiwe gizani likanipata. Nilikuwa nimekitoa milimani kwa mabakuli mawili na maneno mengi, na nilikuwa nimeshakitengea mzungu wake. Nikasema kigoda hakipatikani siku hizi. Akasema basi na pinde hazipatikani. Nikamwambia kuna msiba. Akamtazama kijana, akashusha sauti: "Msiba ni kweli?" Kijana akaitikia kwa kichwa.

"Basi kigoda kimoja," alisema, "na unisaidie vibuyu. Vibuyu vinanishinda."

Tulikaa na vibuyu mpaka jua likapinduka. Mshono huu wa huku, huu uliletwa na mtu wa mkonge. Aliandika, akauliza, akabisha mahali pa kubisha, na mara mbili alikuwa sahihi yeye. Nilirudi kesho yake na kigoda, na kusema kweli kilikaa vizuri pale kuliko ambavyo kingekaa kwenye buti la gari.

Ilibidi mwenyekiti wa kijiji aidhinishe, maana ghala lilikuwa la kijiji. Akaja akisugua mikono yenye udongo. "Kwa nini kinatoka?"

"Si cha wilaya hii, mzee," alisema afisa. "Asili yake Kondoa."

"Basi kiende zake."

Sababu ile ile iliyoutoa ghalani ndiyo iliyoingia masikioni mwa kijana na kukaa. Njia nzima ya kurudi aliubeba begani, watu wenye baiskeli wakimpisha. Tulipokaribia reli akasimama.

"Mama mdogo, kama ni wa Kondoa, basi si wa mjomba."

"Ni wa mjomba wako. Koti alilozikwa nalo lilishonwa wapi?"

"Sijui."

"Basi halikuwa lake?"

"Koti si ukoo," alisema.

Hapo alinipata.

"Nikishikishwa upinde wa watu," aliendelea, "nitakuwa nimeitwa kwa jina la watu. Nitakaaje na watoto wa mjomba wananiita baba?"

"Kwa hiyo utawaambia wazee?"

"Wakiniuliza."

"Basi omba wasiulize," nilimwambia, na huo ndio ulikuwa ushauri wangu wote.

Siku ya kumaliza msiba tulikwenda kijiji kile kipya, nyumba zimepangwa mstari kama Kimamba yangu, nami nikajikuta natafuta kwa macho bomba la maji na Warundi. Mchungaji alisali vizuri, akala, akaaga mapema kwa adabu ya mtu anayejua kinachofuata. Mkeka ukatandikwa. Mtani alikuwepo tangu asubuhi, amejifunga kanga ya mkewe na kujipaka majivu, anaigiza kikohozi cha marehemu kiasi kwamba mjane mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mkubwa wa ukoo, mzee mkali aliyekuja kwa mguu unaouma na aliyetaka kila mtu aujue, akaupokea upinde. Aliukagua muda mrefu. Hakuwa ameuona tangu ujana wake, na sasa macho yake yalikuwa ya ukungu. Kijana alikuwa ameketi mkekani, mikono juu ya magoti, tayari.

"Uliupata wapi?"

"Ghalani Rudewa, babu."

"Kitu cha serikali kinatokaje ghalani?"

Nilimtazama kijana nikisema moyoni, jibu ulichoulizwa tu. Tatizo ni kwamba ndicho alichoulizwa.

"Walisema si wa wilaya hii, babu. Walisema ni wa Kondoa."

Dada yangu alikuwa amesimama na wanawake, mlangoni. Alishika kizingiti. Mzee akauinamisha upinde taratibu, akaulaza mkekani, mbali na mikono ya kijana.

"Basi bado hatujaupata," alisema.

"Urefu ndio ule ule, kaka," alisema mzee mwingine.

"Urefu hata mwanzi unao. Wewe mchuuzi, ndiwe uliyeuchagua. Huu ni wa wapi?"

Maishani mwangu nilikuwa nimeitikia "Maasai" mara nyingi sana kwa watu ambao singewaona tena. Ingekuwa rahisi kusema ni wa milimani kwenu, mzee, na mambo yangekwisha. Lakini kijana alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama ghalani, nikipokea na kuweka chini pinde za uongo.

"Umetengenezwa na mtu wa Kondoa, mzee," nilisema. "Na umelala juu ya moto wa nyumba yenu kabla hujazaliwa. Upapase ubavu. Mimi naujua mkono uliouchonga na naujua moshi uliouivisha. Ukiniuliza ni wa wapi, nitakujibu hivyo. Ukiniuliza ni wa nani, hilo si la kumuuliza mchuuzi."

Mzee akatikisa kichwa. Wenzake wakaanza kunong'ona, na minong'ono ya wazee wa ukoo inaweza kuchukua msimu mzima wa mvua. Kijana akaanza kujiinua mkekani.

Ndipo mtani akasimama, majivu yanamdondoka. Akapita katikati yao, akauokota upinde, akaubusu.

"Jamani, asanteni! Mmesema wenyewe si wenu, na mashahidi wapo. Kumbe sikuteka kitu, nimeokota. Bibi yangu aliwahi kupita Kondoa akitafuta mume, kwa hiyo huu ni wa kwetu." Akauweka begani, akaanza kuondoka. Ulikuwa mrefu, ukamgonga mtu.

"We! Weka chini!" alifoka mkubwa wa ukoo.

"Wa nani?"

"Nimesema weka chini!"

"Nimesikia. Wa nani, mtani? Wa Kondoa? Napita huko kesho, nitawasalimia."

"Rudisha, mwizi mkubwa wewe!"

"Siwezi kumrudishia mtu ambaye si mwenyewe, serikali itanifunga." Sasa alikuwa ameshafika ukingo wa uwanja, na hakuwa anatania miguu, alikuwa anakwenda kweli. "Wa nani?"

Mzee akasimama kwa ule mguu wake mbovu. "Wetu!"

"Masikio yangu yana majivu."

"Wetu!" alipiga kelele mzee, na wenzake wakaitikia nyuma yake, na wanawake mlangoni, na watoto wasiojua kinachoendelea, wote kwa pamoja: "Wetu!"

Sijawahi kusikia darasa likiitikia hivyo.

"Ahaa," alisema mtani, akasimama. "Basi kuku."

Kuku alikuwa tayari chini ya tenga. Dada yangu alikuwa amemtenga tangu wiki ile ya malori. Mtani akadai wawili, mmoja wa kuuteka upinde na mwingine wa kuutunza. Nikamwambia aliyeutunza ni dirisha la Rudewa, mpe dirisha kuku. Akasema nina ulimi wa mtu wa mkonge. Tukakubaliana kuku mmoja na mayai aliyokuwa akiyalalia, jambo ambalo kuku hakuulizwa.

Mkubwa wa ukoo akaupokea upinde kutoka kwa mtani, akauweka mwenyewe mikononi mwa kijana. Akaukunja mkono wa kijana pale pale palipofutwa na viganja, akamwita kwa jina lile. Kijana akaitika. Mtoto mdogo wa marehemu, aliyekuwa amefundishwa, akamwendea na kusema, "Shikamoo, baba," na kijana akasema marahaba kwa sauti ambayo haikuwa yake ya siku zote. Dada yangu aliachia kizingiti.

Msiba ukawa umeisha. Mtani akaomba maji, akanawa uso, akaja kukaa karibu yangu na kuku wake miguuni. Bila majivu alikuwa mzee wa kawaida kabisa.

"Ndio wenyewe," alisema. "Niliujua mlipotokeza nao barabarani."

"Na pale gengeni je, si ungetuambia tu ulivyo?"

"Ningesema mngenisadiki?" Akamshika kuku vizuri. "Nimemwigiza kikohozi mchana kutwa. Miaka arobaini nilimsikia akikohoa, sikuwahi kumwambia pole."

Nilimsogezea kahawa, tukanywa.

Mikumi sikurudi kwa muda mrefu, si kwa sababu yoyote kubwa. Mzungu alipungua, na wakati wa vita dizeli ilipungua zaidi. Kambi ya Kimamba nayo imekuwa mashamba ya watu, na nyumba za mstari zimebaki msingi. Nikipita huko huwa nasimama mahali ulipokuwa mlango wa mlinzi wa stoo, nikijiuliza maswali ya kichuuzi. Mtu fulani zamani sana, mpagazi au mwindaji aliyeishiwa chumvi, alisimama mbele ya mtu wa milimani na upinde ule mkononi, na wakapatana. Alipewa nini? Mbuzi? Kaniki? Alikwenda akicheka au akijilaumu? Siwezi kuona upinde bila kutaka kujua bei yake ya kwanza.

Yule kijana sasa ni mzee, amestaafu reli, na ukimwita kwa jina la zamani hageuki. Dada yangu hayupo tena. Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali mwanawe. Upinde uko ukutani sebuleni, chini ya taa ya umeme, ubavu mweusi ameuweka nje ili wajukuu wauone. Kano za upande mmoja zimeanza kulegea. Nikazigusa, na kwa mazoea tu, maana mkono hauzeeki, nikamuuliza angetaka nini kama ingetokea mtu anautaka.

Aliniandalia chai kwanza.

"Wewe si mtani, mama mdogo," alisema. "Huupati hata kwa kuku."